Punguzeni Nguvu, Maneno Yasikike
Barua ya wazi kwa wakurugenzi na wakuu wa vipindi wa redio za Lubumbashi



Mimi ni fundi wa sauti hapa mjini. Mwanamuziki akimaliza kurekodi, mimi ndiye ninayebaki na vipande vyake: sauti ya mwimbaji, magitaa, besi, ngoma, waitikiaji. Kazi yangu ni kuvipatanisha mpaka kila kimoja kipate mahali pake. Naletewa kazi na kwaya za Katuba na Ruashi, na vijana wa rap wa mitaa ya Kenya na Kamalondo, na mara moja moja vikundi vya karindula, ile ala yetu ya pipa. Watu hawa hawafanani kwa umri wala kwa imani, lakini wote wananipa agizo moja kabla sijagusa chochote: "Fundi, tia nguvu. Redio isije ikasema wimbo wetu ni mdogo."

Hofu hiyo wameipata kwenu. Wimbo ukifika kituoni na sauti ya wastani, unachezwa baada ya mwingine uliokandamizwa hadi mwisho, unasikika umelegea, na mtangazaji anauweka kando. Siku ya pili mwanamuziki anarudi kwangu na diski yake mkononi, ananiomba nivunje kile tulichokijenga. Sitaji kituo, kwa kuwa jambo lenyewe si la kituo kimoja. Mafundi wenzangu wote wanalijua. Ninachowaomba hakihitaji kununua mtambo. Acheni kuupima wimbo kwa ukubwa wa sauti yake. Zisawazisheni nyimbo zote ninyi wenyewe kabla hazijaenda hewani, ili sisi wa studio turudi kwenye kazi yetu.

Nawaeleza kinachotokea tunapoambiwa tutie nguvu. Faili ya kidijitali ina kikomo: sauti ikishafika desibeli sifuri, haina pa kupanda tena. Katika wimbo wa kawaida, pigo la ngoma ndilo linalogusa kikomo hicho, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na vingine vyote vinakaa chini yake. Ili wimbo uonekane mkubwa, tunaweka limita inayobana yale mapigo ya juu, halafu tunapandisha kila kitu. Desibeli mbili au tatu za mwanzo hazidhuru; hata mimi nazitumia. Ukizidisha, ngoma inapoteza mshindo wake, pumzi za mwimbaji zinapanda, mvumo wa chumba unapanda, waitikiaji waliowekwa nyuma kwa makusudi wanasukumwa mbele na kusimama sawa na mwimbaji. Hapo mpangilio wote tuliokesha tukiutafuta umekufa. Sauti zote ziko mbele, na sikio halijui limfuate nani.

Katanga hii haijaanza leo kujua mpangilio wa sauti. Mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi kijana Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa. "Masanga" ilitoka katika kazi hiyo, na wapiga gitaa wa dunia nzima bado wanajifunza kuicheza. Isikilizeni tena kwa masikio ya fundi. Ni gitaa moja, mkono mmoja: kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinaimba juu, na hakuna anayemziba mwenzake. Hapakuwa na fada ya kushusha kimoja na kupandisha kingine. Mwenda alikuwa amemaliza kuchanganya kabla mashine haijawashwa, kwa uzito wa vidole vyake. Tracey naye alikuwa na kawaida ya kushika mikro mwenyewe, akiisogeza karibu na anayetakiwa kusikika na kuirudisha nyuma anapokuja mwingine. Mizani ya wimbo ilipatikana kwa umbali, kwa sentimita za mkono wa mtu.

Wengine walitoka huku kwetu wakaenda kutafuta studio mbali. Bendi ya Super Mazembe ilianza Kongo mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, ikapitia Zambia, ikafika Nairobi mwaka 1974. Baba Gaston na bendi yake ya Baba National walipitia Dar es Salaam wakaishia Nairobi pia. Santuri zao ndogo za wakati ule, zile ambazo wimbo unaanza upande A na kumalizikia upande B, zinanifundisha kazi hadi leo. Unasikia gitaa la solo, unasikia mi-solo, lile gitaa la kati, unasikia ridhimu, na unaweza kuziimba moja moja. Sehemu ya siri imo kwenye santuri yenyewe: besi ikizidi, mfereji unapanuka na sindano inaruka. Fundi alilazimika kuipa besi kipimo, na nafasi iliyobaki wakaigawana magitaa. Sisi leo hatuna sindano ya kutukemea. Kompyuta inapokea kila upuuzi tunaoiwekea.

Na magitaa hayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika muziki wetu. Solo, mi-solo na ridhimu zote zinaishi eneo moja la sauti, eneo lile lile la koo la mwanadamu. Ukizipandisha zote tatu, mwimbaji anazama. Kwa hiyo namweka mmoja kulia na mwingine kushoto, napunguza unene wa ridhimu kwa kuwa besi inatosha kuubeba, nampunguzia solo ule ukali wa katikati kila mwimbaji anapoanza ubeti, na sebene, ile sehemu ya magitaa kutamba, ikifika namrudishia wote. Asubuhi nzima inaweza kuishia hapo. Limita ya kupindukia inaifuta asubuhi hiyo kwa sekunde moja, maana inapandisha tena kila nilichokishusha.

Niseme zaidi kuhusu maneno, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu unauma. Kiswahili kinabeba habari nzito kwenye silabi nyepesi. Mkazo wetu unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini habari ya nani aliyetenda iko mwanzoni kabisa mwa kitenzi, kwenye kipande kidogo ambacho mwimbaji anakipita haraka. Anakuja, wanakuja, au kama tunavyosema mitaani kwetu, anakuya, banakuya. Pigo la sneya likiangukia juu ya kipande hicho, msikilizaji anabaki na kitenzi kisicho na mwenyewe. Nilipokuwa nachanganya wimbo wa kwaya moja juzijuzi, ubeti mzima ulikuwa unazungumza na wajane, lakini herufi mbili za mwanzo wa kila mstari zilikuwa zimemezwa na kinanda, na ubeti ukasikika kana kwamba unamhusu mtu mmoja tu. Dawa yake haikuwa kuipandisha sauti yote. Nilipita mstari kwa mstari, nikazipandisha zile silabi peke yake desibeli mbili, nikakishusha kinanda kidogo palepale, nikaendelea. Msikilizaji hatajua kwamba kuna mkono uliopita hapo. Atasikia tu kwamba kwaya inamwambia jambo.

Kazi ya namna hiyo inafanywa spika zikiwa chini. Mwaka 1933, Fletcher na Munson wa maabara za Bell huko Marekani walichapisha vipimo vyao kuhusu usikivu wa mwanadamu, na kila fundi anaishi na matokeo yake: sauti ikiwa kubwa, sikio linasikia besi na sauti nyembamba kwa wingi; ikiwa ndogo, hizo mbili zinafifia na katikati inabaki. Anayechanganya kwa sauti kubwa anadanganyika. Wimbo unamfurahisha usiku ule studioni, kesho yake ukichezwa kwa sauti ndogo jikoni kwa mama yake, besi imekimbia na magitaa yamekuwa kama bati. Mimi nashusha spika hadi mtu aliye karibu yangu aweze kuzungumza bila kupaza sauti. Nikiendelea kuelewa maneno na kufuata ngoma katika hali hiyo, najua wimbo umesimama.

Sasa tuje kwenu, kwenye mtambo wa kurushia. FM ina kipimo chake: wimbi linaruhusiwa kuyumba kilohezi 75 kila upande, basi. Kabla ya mtambo kuna limita inayolinda kipimo hicho. Faili iliyokandamizwa haiifikishi sauti yenu mbali zaidi, haivuki hata barabara moja zaidi kuelekea Kipushi au Kasumbalesa. Inafika mlangoni na kukandamizwa mara ya pili. Na kuna jambo lingine ambalo mafundi wenu wa mtambo wanalijua vizuri kuliko mimi: FM huongeza nguvu ya sauti nyembamba kabla ya kurusha, na redio ya msikilizaji huipunguza tena, ili mvumo wa hewani upungue. Wimbo uliojaa matoazi makali na "s" zinazochoma, ukiongezewa nguvu tena hapo, unagonga limita kwa kichwa. Ndiyo maana nyimbo nyingi zilizosikika kali studioni zinasikika zimekwaruzika redioni. Mwanamuziki analaumu mtambo wenu, ninyi mnalaumu studio, na shida yenyewe imo kwenye lile agizo la kutia nguvu.

Msikilizaji naye yuko wapi? Yuko kwenye taxi-bus, yuko sokoni na simu mfukoni, yuko nyumbani na redio ya spika moja. Spika ya simu haiwezi kutoa besi ya hezi 50 hata ukiisukuma namna gani. Ni ndogo mno kusukuma hewa hiyo. Vijana wanapoongeza besi "ili isikike kwenye simu", wanakula nafasi ya mwimbaji kwa kitu ambacho simu haitakitoa kamwe. Njia iliyopo ni nyingine. Besi ya gitaa ina sauti za juu zinazoizunguka, mara mbili na mara tatu ya mtetemo wake. Ukizifanya hizo zisikike vizuri, sikio linaijenga besi lenyewe, hata kama spika haikuitoa. Hiyo ni neema ya maumbile, na fundi anayeijua anaweza kumfikia mama wa sokoni bila kumtesa. Halafu kuna magitaa yanayopanuliwa kwa programu ili yajaze chumba: kwenye spika moja, kulia na kushoto vinapojumlishwa, baadhi yake hufutana na kutoweka kabisa. Mtangazaji anacheza wimbo, na solo haipo.

Karindula inanipa mfano wa mwisho wa kazi yenyewe, na ni mfano wa nyumbani kabisa. Chombo kile ni pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, lina shingo ndefu ya mti na nyuzi nne, na kikipigwa ni besi, ni ngoma, ni gitaa, vyote kwa pamoja. Mikro ikielekezwa kwenye pipa inaleta ngurumo tupu. Ikielekezwa kwenye vidole inaleta mkwaruzo bila mwili. Mimi naweka moja karibu na ngozi, pembeni, si katikati, na nyingine juu kuelekea mahali nyuzi zinapokwanguliwa; halafu natafuta ile noti moja ambayo pipa linaipenda kupita zote na kuivuma hata isipoitwa, naipunguza hiyo peke yake. Baada ya hapo waimbaji wanapata mlango wa kuingilia. Mtayarishaji wa muziki Vincent Kenis alipokuja kurekodi vikundi vya karindula hapa Lubumbashi, rekodi zilizotolewa na kampuni ya Crammed Discs mwaka 2011, aliacha uwanja usikike: watu, vumbi la miguu, vicheko, na bado unaelewa anayeimba. Ulaya wakanunua muziki wa pipa letu jinsi ulivyo. Kikundi cha karindula kikija leo kwangu kuandaa wimbo wa redio ya mji wake wenyewe, kinaniomba nilifanye pipa lifanane na besi ya kompyuta, kwa kuogopa kwamba bila hivyo hautachezwa.

Najua mtakachonijibu, kwa kuwa nimeambiwa mara nyingi na watu ninaowaheshimu. Msikilizaji anazungusha kitufe, anasimama penye nguvu. Kituo kilicho kimya kinapitwa. Ni kweli kwa sekunde za kwanza. Sikio linapenda kikubwa kuliko kidogo, ndivyo lilivyoumbwa. Lakini sikio linachoka pia, na sauti isiyo na panda-shuka inalichosha mapema. Mtu anapunguza redio bila kujua kwa nini, na akishaipunguza, faida yote ya nguvu imepotea, imebaki ile mikwaruzo. Waliokuwa na fedha nyingi kuliko sisi wamelipitia hili. Mwaka 2008 kundi la Metallica la Marekani lilitoa albamu ya Death Magnetic, ikiwa imekandamizwa kiasi kwamba mashabiki wenyewe walilalamika. Waligundua kwamba nyimbo zile zile, zilizowekwa ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero bila kukandamizwa hivyo, zilisikika safi zaidi. Watu kwa maelfu wakatia sahihi wakiomba albamu ichanganywe upya.

Wenye vyombo vya habari waliona kwamba hakuna atakayepunguza peke yake, wakapunguza pamoja. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulitoa njia ya kupima sauti jinsi sikio linavyoisikia kwa muda, badala ya kuangalia kilele tu. Mwaka 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ukaweka kiwango cha vipindi vyote kuwa LUFS 23 chini ya kikomo; LUFS ndicho kizio cha njia hiyo ya kupima. YouTube na Spotify nazo zinasawazisha: wimbo uliopita kiwango chao unashushwa wenyewe. Kijana wa Kampemba anayenilipa nimkandamizie wimbo wake anapoteza mara mbili, maana huko unashushwa hadi usawa wa wengine, na mshindo wa ngoma aliouuza haurudi.

Basi ombi langu ni kwamba mkutane, vituo vya mji huu, vya serikali, vya kanisa na vya watu binafsi, mkubaliane kiwango kimoja. Kama mtachukua kile cha Ulaya au chenu wenyewe cha juu kidogo, kwangu ni sawa, mradi kiwe kimoja na kiandikwe. Kusawazisha maktaba yenu hakuna gharama: Audacity ni programu ya bure, na ndani yake mna amri ya kupima na kusawazisha kwa LUFS. Kijana mmoja wa kituo anaweza kuifanya kazi hiyo usiku, umeme wa SNEL ukiwepo. Mkishakubaliana, wekeni ukurasa mmoja mlangoni mwa kila kituo: kiwango tunachotaka ni hiki, kilele kisizidi hapa, wimbo tutausikiliza kwenye spika moja kabla ya kuupokea. Mwanamuziki akiniletea ukurasa huo wenye muhuri wenu, mabishano yetu yamekwisha. Hatanilazimisha tena kuua sauti ya dada yake ili apate kuchezwa.

Na mashine ile iliyo mbele ya mtambo, inayokaza kila kitu, ilegezeni. Isiondolewe, kwa kuwa sheria ya wimbi inaihitaji. Ila iwe mlinzi wa mwisho, isiwe mpishi wa pili. Mtaona kwamba hata sauti za watangazaji wenu zitapumua. Habari za saa moja jioni zitasikika bila ile mihemo inayopanda kila mtangazaji anaponyamaza.

Studio yangu iko wazi kwa mafundi wenu siku yoyote ya kazi, kuanzia saa tatu asubuhi. Waje na nyimbo tatu za hapa mjini wanazozicheza kila siku na redio moja ndogo ya betri. Nitaziweka kwenye usawa mmoja, na kila wimbo utakuwa na nakala mbili, iliyokandamizwa na ile ya kabla ya kukandamizwa. Sitawaambia ipi ni ipi. Waandike kwenye karatasi maneno ya ubeti wa pili wa kila nakala kama walivyoyasikia, kisha wawaletee ninyi karatasi hizo.

Wenu katika kazi,
Fundi wa sauti, Kamalondo, Lubumbashi